Yuko, Lakini Hapatikani: Simu ya Ofisi Inavyoweza Kumfuata Mtu Alipo

"Subiri kidogo, usikate," dada wa mapokezi anasema, kisha anaufunika mkonga wa simu kwa kiganja na kuita kuelekea kwenye korido: "Fundi wa pampu yuko?" Kimya. Anaita tena. Sauti inajibu kutoka jikoni kwamba alionekana asubuhi akipakia mabomba. Mwingine anadhani yuko stoo, ng'ambo ya ua. Dada anabonyeza ekstensheni ya stoo. Inalia mpaka inachoka. Mkulima aliyepiga kutoka Ahero, pampu yake imezima na mpunga unataka maji, ameshasikiliza ule muziki wa kusubiri kwa dakika mbili na nusu, kwa salio lake mwenyewe. Mwishowe anaambiwa maneno ambayo sijui Mkenya ambaye hajawahi kuambiwa: "Ametoka kidogo."

Fundi alikuwa stoo. Alisimama hatua nne kutoka kwenye simu iliyokuwa ikilia, ila kwa kuwa ile si simu yake, hakuishika.

Kazi yangu ni kufunga simu za ofisi hapa Kisumu na kuzibembeleza zinapogoma, na wenye maduka hawachoki kuniuliza kwa nini simu isimtafute mtu yenyewe, popote alipo. Inaweza. Imeweza tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Tatizo ni kwamba ndani ya swali hilo mna maswali matatu yaliyosokotana: mtu yuko wapi, chombo gani cha simu kiko karibu naye, na je, akiwa hapo anafaa kupigiwa? Watu hunilipa kwa ajili ya swali la kwanza. Linalovuruga kazi ni la tatu.

Lugha yetu yenyewe imeyafunga yote matatu kwenye neno moja. Ile sauti inayosema "mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa" haikuambii kama mtandao haujui mtu alipo, au unajua ila hauwezi kumfikia. Mwenye simu naye akiizima ili apumzike, sauti ni ile ile. Vijana wameshafupisha mambo: "yuko mteja," basi, umeelewa.

Tuanze na chombo, maana hapo ndipo mambo yamebadilika zaidi. Enzi za simu ya mezani, nambari ilikuwa jina la waya. Ya Kisumu ilianza na 057, ya Nakuru 051, ya Kakamega 056, kwa sababu waya uliishia kwenye mitambo ya mji huo. Ndani ya ofisi ni vivyo hivyo: waya ulitoka kwenye swichibodi, ukapenya ukutani, ukaishia kwenye meza ya mhasibu, na nambari 12 ilikuwa ya ule mwisho wa waya. Mhasibu akihamia ghorofa ya juu, fundi aliitwa na koleo lake.

Simu za intaneti zimekata kamba hiyo. Kanuni inayotumiwa na nyingi kati ya hizo, SIP, ilichapishwa mwaka 1999 ikaandikwa upya 2002, nayo inamtenganisha mtu na chombo. Ekstensheni 12 inakuwa jina tu ndani ya seva. Chombo kinapowaka kinajiandikisha: mimi ndiye ninayepokea simu za 12, nitafute kwenye anwani hii. Mfikirie mgeni anayeandika jina kwenye daftari la askari wa getini, ila huyu mgeni lazima arudi kuandika tena kila baada ya muda, mara nyingi saa moja au pungufu, la sivyo askari anahesabu ameondoka. Kwa hiyo mhasibu wa Kisumu akienda tawi la Nakuru kwa wiki moja, anakaa kwenye meza yoyote, anaingiza ekstensheni na nywila, na mteja wa Kondele akipiga, simu inalia mbele yake Nakuru. Mteja hana habari kwamba mhasibu ameshapita Kericho.

Wala si teknolojia ya matajiri. Asterisk, programu ya swichibodi iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, hugawiwa bure. Nina wateja ambao swichibodi yao nzima ni kikompyuta kinachotoshana na pakiti ya maziwa, kimekaa juu ya kabati la faili.

Lakini hapo simu haijamfuata mtu. Mtu ndiye ameiambia alipo, na binadamu husahau. Mhasibu anarudi Kisumu Ijumaa bila kujiondoa kwenye ile simu, na Jumatatu asubuhi nambari yake inalia Nakuru kwenye meza isiyo na mtu. Ili mambo yaende yenyewe, lazima mashine igundue bila kuambiwa.

Jambo hili lilijaribiwa mapema huko Cambridge, Uingereza, kwenye maabara ya utafiti ya Olivetti, ile kampuni ya Italia iliyotuuzia taipureta. Kati ya 1989 na 1992, Roy Want, Andy Hopper na wenzao wawili walitengeneza beji waliyoiita Active Badge. Kilikuwa kisanduku cha mraba, sentimita tano na nusu hivi kila upande, uzito gramu 40, kinachobanwa kwenye shati. Kila sekunde 15 kilitoa mmweko wa mwanga usioonekana kwa macho, aina ile ile inayotoka kwenye rimoti ya televisheni, na mmweko huo wa sehemu ya kumi ya sekunde ulibeba nambari ya beji. Vipokezi vilivyowekwa vyumbani viliudaka na kuupeleka kwenye kompyuta. Kwenye meza ya mapokezi, skrini ilionyesha jina la mtu, chumba alichomo, simu iliyo karibu naye, na asilimia ya uhakika. Aliyetulia ofisini alipata 100. Aliyekuwa akizurura kwenye korido alipungua.

Naipenda kazi ile kwa sababu ya mambo madogo waliyoyafikiria. Kwa nini mwanga, si redio? Redio hupenya kuta, kwa hiyo beji ya redio ingesikika vyumba vitatu kwa pamoja na mashine isingejua kipi ni kipi. Mwanga ule hugonga ukuta, ukarudi, ukakijaza chumba, lakini hautoki. Ukuta, adui wa kila mtu anayefunga wifi, kwao ulikuwa msaada. Kwa nini sekunde 15? Mtu hahami chumba kila sekunde, na mmweko mfupi wenye pengo refu hufanya betri idumu na kupunguza uwezekano wa beji mbili kumweka kwa pamoja na kuvurugana. Tena waliweka kihisi cha mwanga: beji ikitiwa kwenye droo yenye giza, ilipunguza kasi yake ili isile betri bure usiku kucha.

Na waligundua mapema tatizo ambalo mimi nililigundua kwa kuumia. Mfumo ulimpata mtu vizuri mno. Ukiwa umeketi mbele ya bosi wako, na simu ya bosi inalia, na ni yako, hujafurahi. Wafanyakazi walitaka uwezo wa kuamua wenyewe lini simu iwafuate na lini iwaache.

Kabla ya kurudi Kisumu, angalia mfukoni mwako. Mtandao wa simu za mkononi huelekeza simu kwa kufuata mahali kila siku, na hakuna anayeshangaa. Kampuni ya simu ina daftari kuu linaloandika kila laini iko upande gani wa nchi. Minara, au busta kama wengi wanavyoiita huku, imepangwa kwa makundi. Ukivuka kutoka kundi moja kwenda lingine, simu yako inajitangaza kimyakimya na daftari linarekebishwa. Mtu akikupigia, mtandao unasoma daftari, kisha minara yote ya kundi lile inaita jina lako hewani, na simu yako inaitika kupitia mnara unaoisikia. Mtandao haukuwa na haja ya kujua uko kibanda gani pale Kibuye. Ulitaka kujua uite upande gani tu.

Basi si umpe tu kila mteja nambari ya mkononi ya fundi? Ofisi nyingi hapa zimefanya hivyo, na matokeo yake yanajulikana. Fundi anapigiwa Jumapili akiwa kanisani. Akiwa likizo, wateja wanadhani duka limefungwa. Akiacha kazi, anaondoka na wateja mfukoni. Nambari ya ofisi ndiyo inayolizuia duka lisigeuke kuwa mali ya simu ya mtu mmoja.

Kwa ofisi ya leo, dalili za kujua mtu alipo ni nyingi na zote zina kasoro. GPS inategemea setilaiti, nayo ni nzuri barabarani lakini dhaifu chini ya zege. Haikuambii kama mtu yuko kaunta au stoo. Inakuambia kama yuko mjini au ameshafika Ahero, na mara nyingi hilo linatosha. Vijisanduku vya bluetuthi, vinavyobandikwa ukutani na kutoa jina lao hewani, ndivyo ndugu wa karibu wa ile beji ya Cambridge: simu ya mfanyakazi inasikia kipi kina nguvu zaidi na kukisia chumba. Ila ni redio, na redio hupenya kuta, kwa hiyo ukiviweka ovyo fundi ataonekana yupo stoo na jikoni kwa wakati mmoja.

Wifi ndiyo inayotumika zaidi kwa kuwa ofisi tayari inayo. Kila kisanduku cha wifi kinajua simu zipi zimeunganishwa nacho. Cha kaunta kikiwa na simu ya fundi, fundi yuko kaunta. Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza: tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya 2020, simu hujificha kwa kutumia nambari ya chombo ya bandia (si nambari ya laini) kwenye kila mtandao wa wifi. Mfumo unaotambua watu kwa nambari za vyombo unaweza kumwona fundi kama mgeni siku moja bila onyo. Mtambue mtu kwa jina na nywila yake kwenye programu ya simu, achana na nambari ya chombo. Mtego wa pili ni ngazi. Mtu anayepanda ngazi hushikwa na kisanduku cha chini, kisha cha juu, kisha cha chini tena, na ekstensheni yake inarukaruka kama panzi. Dawa yake ni subira: mfumo usikubali kwamba mtu amehama mpaka akae mahali papya kwa nusu dakika hivi. Bei yake ni kwamba nusu dakika hiyo simu inalia alipotoka.

Sasa nikiri kosa langu. Kuna ofisi moja hapa mjini niliyoifungia mfumo wa namna hii, na nikaweka sheria iliyoonekana ya busara: mtu asipoonekana kwenye wifi yoyote, simu zake zipelekwe kwenye nambari yake ya mkononi. Swichibodi na ruta ya intaneti niliziunganisha na betri ya akiba. Visanduku vya wifi vya darini sikuviunganisha. Siku moja mchana stima ikapotea. Visanduku vikazima, swichibodi ikabaki macho, ikatazama huku na huku na kuona ofisi nzima imehama. Wafanyakazi 11 walikuwa wamekaa palepale gizani, simu za mezani zikiwa bubu, huku kila mteja aliyepiga akigeuziwa kwenye simu ya mtu binafsi. Na anayelipia kipande hicho cha pili cha safari ni ofisi. Mwenye duka aliona bili kabla sijaona kosa.

Nilichojifunza nimekiandika kwenye kila mfumo tangu hapo: watu 11 hawatoki mlangoni kwa sekunde moja. Wakipotea wote pamoja, ni stima, na simu zibaki zilipokuwa.

Hilo linatuleta kwenye swali la tatu, la kama mtu apigiwe. Mahali ni dalili tu ya kama mtu anaweza kuongea. Mchukue yule fundi. Akiwa kaunta, simu ya kaunta ilie kwa sekunde 20, kisha iende kwa yeyote wa kitengo chake. Akiwa stoo, ilie stoo. Mpaka hapo ni rahisi. Akiwa barabarani kuelekea Muhoroni, anaendesha pikapu, je? Mashine inajua alipo vizuri kuliko wakati mwingine wowote, na huo ndio wakati asiofaa kupigiwa. Akifika kwa mteja akashuka kisimani, yuko mahali pamoja kwa saa mbili, ametulia kabisa kwenye ramani, na mikono yake imejaa grisi. Ramani haioni grisi.

Ndiyo maana ninapokaa na mwenye ofisi kupanga sheria hizi, siulizi kwanza kuhusu majengo. Ninamwita dada wa mapokezi. Yeye amekuwa akifanya kazi hii kwa kichwa miaka yote: anajua kwamba mhasibu akifunga mlango hataki simu, kwamba mwenye duka akiwa na mtu wa benki asiguswe, isipokuwa anayepiga ni mama yake. Nusu ya anayoyajua inaweza kuandikwa kwenye seva. Nusu nyingine usijaribu. Mwachie kitufe cha kuipiku mashine.

Sheria zikishaandikwa, angalia zisigongane. Nimeona fundi aliyeidaivati simu yake ya mkononi irudi ofisini kila anapokosa mtandao, huku ofisi nayo ikimtupia simu kwenye mkononi kila anapokosekana. Simu ya mteja ikazunguka kati ya wawili hao. SIP ina breki yake, kila ujumbe una idadi ya hatua unazoruhusiwa, kwa kawaida 70, lakini simu inayotoka nje na kurudi kupitia kampuni nyingine ya simu huanza kuhesabiwa upya kama mgeni.

Mtego mwingine: simu imepelekwa kwenye mkononi, mkononi umezimwa, na mteja wa ofisi anasikia "mteja wa nambari uliyopiga hapatikani" hali mwenzake fundi amekaa bure kaunta. Au simu inapokelewa na mtoto nyumbani. Kinga yake ni swali dogo: anayepokea anasikia kwanza, "Una simu ya ofisi, bonyeza 1 kuipokea." Asipobonyeza, swichibodi inahesabu haijapokelewa na kuendelea kumtafuta mwingine. Mteja hasikii lolote kati ya hayo.

Duka lisilo na swichibodi linaweza kuanza na misimbo iliyomo kwenye kila simu ya mkononi. Ukibonyeza **61*, ukaandika nambari ya mwenzako, kisha **20#, simu usiyoipokea kwa sekunde 20 itaenda kwake. Ukitumia **62* badala yake, ukamaliza kwa # tu, simu itaenda kwake ukiwa umezima au umeingia mahali pasipo na mtandao, na kwa kweli huko ni kuelekeza simu kwa mahali, ingawa kwa njia ya kienyeji. ##002# inafuta yote. Kumbuka tu kwamba aliyeelekeza ndiye anayelipia kipande cha pili.

Halafu kuna suala ambalo wenye ofisi hulitaja mwishoni, wakiwa wameshika kikombe cha chai, kana kwamba ni dogo: "Kwa hiyo nitaweza pia kuona wanakoenda?" Hapo huwa natua chini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaja data ya mahali miongoni mwa vitu vinavyomtambulisha mtu, na kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha. Mfanyakazi lazima aambiwe nini kinakusanywa na kwa kazi gani, na kilichokusanywa kwa kazi moja hakigeuzwi kuwa cha kazi nyingine. Nikiacha sheria kando, hata ufundi wenyewe hauhitaji hilo. Ili simu ilie stoo, swichibodi inahitaji kujua fundi yuko stoo sasa. Haihitaji kujua alikuwa wapi Jumanne. Mimi huseti ifute kila inapoandika upya, na mwenye ofisi akitaka historia ninamwambia atafute mtu mwingine wa kumfungia. Wawili wameshamtafuta mtu huyo.

Kitu kingine ninachozuia ni mfumo kumwambia anayepiga mtu alipo. Kuna programu zinazotamka "yuko tawi la pili" au "yuko safarini", na zinauzwa kama adabu kwa mteja. Fikiria mhasibu anayepeleka pesa benki, na sauti inamtangazia kila apigaye kwamba hayupo ofisini. Dada wa mapokezi hajawahi kufanya kosa hilo. "Ametoka kidogo" haisemi wapi, haisemi na nani, haisemi mpaka lini.

Kwenye lile duka la pampu, kazi kubwa haikuwa kumtafuta fundi. Kijisanduku kimoja cha bluetuthi stoo kilitosha. Shida ilikuwa kwamba simu ya stoo, hata ikilia kwa ajili yake, bado haikuwa yake. Kwa hiyo tuliipa milio miwili: wa kawaida wa stoo, na mwingine mfupi wa haraka unaolia pale tu simu inapokuwa ya fundi, jina lake likitokea kwenye kioo. Mara ya kwanza ulipolia nilikuwa pale uani nikikusanya nyaya. Aliinua kichwa, akaitazama, akapangusa mikono kwenye ovaroli na kuzitembea zile hatua nne. Kule mapokezi, dada alikuwa bado ameufunika mkonga kwa kiganja, tayari kuita.